MZIGO WA MWALIMU KATIKA SHULE ZA MJINI

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya wazazi, walimu na wajumbe wa kamati za shule.



Methali ya kale husema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Methali hiyo yakumbusha sifa ya wapagazi wa bara, ambao katika karne ya 19 walichukua pembe na nguo kati ya pwani na maziwa makuu. Lakini wakuu wa misafara walijua jambo jingine ambalo methali hailitaji. Mpagazi hodari naye alikuwa na kipimo chake. Mzigo ulipimwa kabla ya safari, na kwa desturi haukuzidi frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Aliyewatwika watu wake kupita kiasi aliweza kuamka asubuhi akaukuta mzigo chini ya mti, na mpagazi hayupo.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila yanapozungumzwa mambo ya walimu wa shule za mjini, hasa zile zilizo katika mitaa ya watu maskini. Mara nyingi husikika malalamiko kwamba walimu wema hawakai huko. Wengine husema walimu wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Wengine husema wamependa fedha kupita kiasi. Kabla ya kumhukumu mpagazi, yafaa kwanza mzigo wenyewe upimwe.

SIKU MOJA YA MWALIMU

Chukueni mfano wa mwalimu kijana aliyehitimu chuoni na kupelekwa katika shule ya msingi iliyo karibu na mtaa wa mabanda mjini Nairobi. Nyumba inayomfaa karibu na shule haipatikani kwa kodi anayoiweza, basi hukaa mbali, na huamka kabla ya alfajiri apate kuwahi matatu. Afikapo darasani huwakuta watoto 80 katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya watoto 40. Dawati la wawili hukaliwa na wanne, na aketiye katikati hana nafasi ya kuusogeza mkono wake aandikapo.

Kipindi kimoja cha madarasa ya juu ya shule ya msingi ni dakika 35. Hata kama haipotei dakika moja kwa kuita majina au kufuta ubao, fungu la kila mtoto katika wakati wa mwalimu wake ni sekunde 26 tu. Jioni zimo daftari 80 za kusahihishwa. Mwalimu akilipa kila daftari dakika mbili, na hizo ni chache, atakaa mezani saa mbili na dakika 40, na hilo ni somo moja tu katika masomo ya siku nzima.

Lakini hesabu hiyo haijafika mwisho. Katika darasa hilo mtoto mmoja amelala juu ya dawati kwa kuwa hakutia kitu tumboni tangu jana mchana. Wa pili ana homa, na shule haina muuguzi; yampasa mwalimu achague kumpeleka zahanati na kuwaacha watoto 79 peke yao, au kumwacha aendelee kutetemeka mpaka jioni. Wa tatu hakuonekana kwa juma zima, na wenzake wasema kwamba nyumba yao ilibomolewa wakahama usiku. Basi mtu huyo mmoja ni mwalimu, ni muuguzi, ni mtu wa ustawi wa jamii, ni mlezi, na mwisho wa muhula ni karani pia. Kazi ni tano, na mshahara ni mmoja.

Baada ya miaka miwili au mitatu huomba uhamisho. Akiupata, huondoka na yote aliyojifunza juu ya watoto wale: nani husoma vizuri lakini huona haya kusema, nani hupigwa nyumbani, nani hesabu zilimshinda tangu darasa la pili. Mahali pake huja mgeni wa kuanza upya. Mwenye hasara kubwa katika mambo hayo si mwalimu. Ni mtoto wa mtaa ule, ambaye kila mwaka huwa ndiye wa kujifunziwa kazi, na kazi ikiisha kujulikana, mwenye kuijua huwapelekea wengine.

JINSI MZIGO ULIVYOONGEZEKA

Zamani za ukoloni, walimu Waafrika wa Kenya waliajiriwa na mabwana mbalimbali: misheni, halmashauri za elimu za wilaya, na serikali yenyewe. Masharti yao yalitofautiana, na mwalimu aliyehamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine aliweza kupoteza haki zake njiani. Mwezi wa Desemba 1957 walimu waliunda chama chao cha taifa, kijulikanacho kwa herufi KNUT, na moja ya madai yake makubwa lilikuwa kwamba walimu wote wawe na mwajiri mmoja. Mwaka wa 1967 dai hilo lilitimizwa, ikaanzishwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, ndiyo TSC.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Mwalimu wa Nairobi na mwalimu wa Kitui walianza kupimwa kwa kipimo kimoja cha mshahara. Lakini usawa wa mshahara si usawa wa mzigo, na jambo hilo lilidhihirika wazi miaka mingi baadaye.

Mwezi wa Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Hesabu ya wanafunzi ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi mwaka wa 2002 hadi milioni 7.2 hivi mwaka wa 2003. Tendo lenyewe lilikuwa jema, wala hapana mzazi maskini atakayetaka lirudishwe nyuma. Na Katiba ya mwaka wa 2010 ilikuja kulithibitisha kwa kuifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, bila malipo. Hata hivyo, watoto zaidi ya milioni moja waliingia milangoni kwa mwaka mmoja, na madarasa na walimu havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Katika baadhi ya shule za Nairobi zilizo karibu na mitaa ya mabanda, darasa moja lilipita watoto 100. Nchi ilitoa ahadi kwa watoto, na walioachiwa kuitimiza kwa mikono yao walikuwa walimu.

Isitoshe, watoto wengi wa mitaa hiyo husoma katika shule zilizoanzishwa na makanisa, vikundi vya wenyeji au watu binafsi. Walimu wake si waajiriwa wa Tume. Mshahara wao hutegemea karo ndogo ya wazazi ambao riziki yao yenyewe ni ya kubahatisha. Kibarua kikikosekana mtaani, mwalimu naye hukosa.

Yafaa pia kutazama posho. Kenya huwalipa posho ya mazingira magumu walimu wa sehemu kame na za mbali, na hiyo ni haki yao. Mwalimu wa mji mkubwa naye hupata posho ya nyumba inayozidi ile ya mashambani, maana kodi ya mjini ni ghali. Lakini posho hiyo huutazama mji, hailitazami darasa. Walimu wawili wa daraja moja, mmoja akifundisha watoto 40 wa mtaa wenye neema na mwingine watoto 80 wa mtaa wa mabanda, hupewa kiasi kile kile. Kama mzigo hautofautishwi katika kulipwa wala katika kusaidiwa, ni nani atakayeshangaa kwamba mwenye mzito hutafuta njia ya kuutua?

FEDHA PEKE YAKE HAITOSHI

Wengi wakisikia hayo husema mara moja, "Basi waongezewe mshahara." Maneno hayo yana haki ndani yake, lakini hayafiki mwisho wa jambo, na nchi nyingine zimekwisha kujaribu.

Nchini Uingereza, mwaka wa 1967, kamati iliyoongozwa na Bibi Plowden ilitoa taarifa juu ya shule za msingi. Ilisema kwamba shule za mitaa maskini zisipewe sawa na nyingine, bali zipewe zaidi, kwa kuwa upungufu wa watoto wake ni mkubwa zaidi. Ilipendekeza madarasa yasizidi watoto 30, pawepo wasaidizi wa walimu, na kila mwalimu wa huko aongezewe pauni 120 kwa mwaka. Mwaka wa 1968 walimu wa shule zilizochaguliwa walianza kulipwa nyongeza, lakini ilikuwa pauni 75. Shauri lilikuwa la mambo mengi yaliyofungwa pamoja kama mzigo mmoja wa kuni. Kuchomoa ukuni mmoja, tena kuukata, si kuwasha moto ule ule uliokusudiwa.

Marekani nayo ilijaribu kwa fedha nyingi zaidi. Tangu mwaka wa 2009, katika wilaya 10 za elimu, walimu waliothibitika kuwa hodari waliambiwa kwamba wakihamia shule ambazo watoto wake wako nyuma, watalipwa dola 20,000 kwa muda wa miaka miwili. Katika walimu zaidi ya 1,500 waliostahili, waliohama walikuwa 81 tu. Wale waliohama walikaa vizuri muda wote malipo yalipokuwa yakiendelea, na watoto wa shule za msingi walipata faida kwao. Lakini malipo yalipokwisha, haikuonekana tofauti ya hakika baina ya kukaa kwao na kukaa kwa walimu wengine. Fedha ilifungua mlango kwa wachache. Kumweka mtu ndani ni kazi nyingine.

WALIMU WA CHICAGO

Ni jambo gani, basi, linalomweka mwalimu? Mji wa Chicago wafaa kutazamwa, kwa sababu huko jambo hili lilichunguzwa kwanza, kisha likapiganiwa.

Mwaka wa 2009 watafiti wa University of Chicago walitoa taarifa juu ya shule ambazo walimu huziacha. Waliona kwamba shule ya kawaida ya mji ule hupoteza zaidi ya nusu ya walimu wake katika muda wa miaka mitano, na kwamba ziko shule zipatazo 100 ambazo mwaka hata mwaka hupoteza robo ya walimu au zaidi. Nyingi katika hizo zilikuwa za watoto maskini Weusi. Lakini walipolichimba jambo lenyewe, hawakuona kwamba mwalimu humkimbia mtoto kwa sababu ya umaskini wake. Waliona kwamba walimu hukaa pale walimu wenzao wanaposaidiana, mwalimu mkuu anapoaminika, na wazazi wanapokuwa upande wa mwalimu. Mahali palipokosa mambo hayo, watu waliondoka.

Miaka 10 baadaye, tarehe 17 Oktoba 2019, walimu wapatao 25,000 wa mji huo waligoma. Wakuu wa mji walikuwa wamekwisha kuwaahidi nyongeza ya mshahara ya asilimia 16 kwa miaka mitano, na watu wengi walidhani kwamba neno limekwisha. Walimu walikataa. Walitaka iandikwe katika mkataba kwamba kila shule itakuwa na muuguzi wake na mtu wake wa ustawi wa jamii, na kwamba madarasa yaliyofurika yatapunguzwa. Mahali pengi muuguzi mmoja alikuwa akizunguka shule kadhaa kwa juma, na siku ambayo hayupo, mtoto mwenye pumu au kisukari aliachwa mikononi mwa mwalimu au karani.

Mgomo ulidumu siku 11 za shule. Siku hizo zilikuwa ngumu kwa wazazi waliokuwa na kazi na hawakuwa na mtu wa kuwaachia watoto. Ulipokwisha, nyongeza ya mshahara ilibaki ile ile ya asilimia 16. Kilichoongezeka ni kwamba mji uliahidi kwa maandishi muuguzi na mtu wa ustawi wa jamii katika kila shule, wakiongezwa hatua kwa hatua hadi mwaka wa 2023, pamoja na dola milioni 35 kila mwaka za kupunguza watoto darasani, shule za maskini zikianza. Jambo walilolipigania zaidi ya nyongeza lilikuwa kugawanywa kwa mzigo.

MAMBO YAFAAYO KUTENDWA

Kutokana na habari hizo, mambo manne yanaonekana wazi.

Kwanza, ni idadi ya watoto darasani. Katika jimbo la Tennessee, huko Marekani, majaribio makubwa yaliyoanza mwaka wa 1985 yaliwagawa watoto na walimu kwa bahati nasibu: madarasa mengine yalikuwa na watoto 13 hadi 17, na mengine 22 hadi 25. Watoto wa madarasa madogo waliendelea vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto Weusi. Ufaransa nayo, mwaka wa 2017, ilianza kuyagawa mara mbili madarasa ya kwanza katika shule za mitaa yenye shida kubwa, yawe na watoto 12 hivi. Kenya haiwezi kufika 12 kwa siku moja. Lakini yeyote awezaye kuhesabu ataona kwamba kutoka watoto 80 kufika 40 ni kumpa kila mtoto wakati mara mbili ya ule aliokuwa nao, na kumpunguzia mwalimu nusu ya daftari zake.

Pili, ni wasaidizi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu aliyesomea kufundisha na aachwe afundishe, na mgonjwa apate muuguzi, na mwenye njaa apate chakula. Mwaka wa 2023 Kaunti ya Nairobi ilianza mpango wa kuwapa watoto wa shule za msingi chakula cha mchana, mzazi akichanga shilingi tano kwa sahani. Watu wameuona mpango huo kuwa ni msaada kwa mtoto, na ndivyo ulivyo. Lakini ni msaada kwa mwalimu pia, kwa sababu somo la saa nane linaloingia katika tumbo tupu ni maji yanayomwagwa juu ya jiwe.

Tatu, ni wakati. Katika shule zenye shida kubwa kabisa, Ufaransa iliamua tangu mwaka wa 2015 kwamba mwalimu wa shule ya msingi aachiwe nusu-siku 18 kwa mwaka za kushauriana na wenzake, kujifunza zaidi, na kukutana na wazazi, huku mtu mwingine akishika darasa lake. Jambo hilo laweza kuonekana kuwa ni mapumziko. Si hivyo. Seremala asiyepewa wakati wa kunoa randa yake ataharibu mbao.

Nne, ni mwalimu mkuu na wazazi. Hili ndilo lisilongoja bajeti. Mwalimu mkuu awezaye kuwakutanisha walimu wake mara moja kwa juma, akamweka mgeni chini ya mkono wa mwenyeji, asimwachie kijana wa mwaka wa kwanza darasa lililowashinda wazee, amekwisha kuupunguza mzigo bila kutumia hata senti moja. Na mzazi? Mzazi anayekuja shuleni siku ya ugomvi tu humfanya mwalimu aogope kila amwonapo langoni. Bali yule ajaye siku ya kawaida, akauliza habari za mtoto wake, akaeleza kwamba nyumbani kuna mgonjwa au kwamba kodi imewashinda, humpa mwalimu habari ambazo hakuna kitabu cha chuoni kinachozo.

Kamati za shule nazo zina kazi. Na zihesabu watoto walio katika kila darasa, si wale walioandikwa tu. Na ziandike ni walimu wangapi walioondoka katika miaka mitatu iliyopita, na kila mmoja aulizwe kwa heshima kabla hajaondoka ni jambo gani lililomshinda. Kamati ikienda kwa wakubwa na maneno matupu kwamba "walimu hawakai," itaambiwa ingoje. Ikienda na hesabu mkononi, darasa kwa darasa na jina la kazi kwa jina la kazi, itakuwa vigumu kuirudisha mikono mitupu.

Hakuna ajuaye ni wangapi kati ya wapagazi wale wa kale waliofika pwani kwa sababu ya nguvu zao tu. Yajulikana kwamba msafara uliofika ulikuwa ule uliopima mizigo kabla ya kuondoka, ukawagawia watu wengi, ukawapa posho yao njiani, na kupumzika mahali palipo na maji. Walimu wa shule za mjini wamekwisha kuonyesha nguvu zao. Mamia ya maelfu ya watoto wa mabanda wajuao kusoma leo ni ushahidi wa kutosha. Sasa kinachotakiwa ni watu wengine waushike mzigo pamoja nao, ili mtoto wa mtaa maskini arudipo shuleni mwezi wa Januari, amkute mwalimu yule yule aliyemwacha mwezi wa Novemba, naye mwalimu alijue jina lake.